Kitangulie Kipande, Mgonjwa Atafuata

Mwakeye wadau!

Hivyo ndivyo tunavyoamkiana kwetu Kasulu, kwa wale ambao Kigoma wanaijua kwa migebuka na mawese tu. Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuwa safarini, wala sikuishiwa na la kusema. Kuna jambo moja ambalo kila nikikaa kuliandika linanishinda, kwa sababu linanihusu. Leo nimeamua liandikike hivyo hivyo.

Ni habari ya kopo.

Kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu. Ndani yake kulikuwa na figo ya mjomba wangu. Binamu yangu alilipakata ndani ya basi usiku kucha, kutoka hospitali iliyomfanyia mzee upasuaji hadi mji mwingine wenye maabara inayoweza kuisoma. Jirani yake ndani ya basi alimuuliza kama amebeba asali. Binamu akajibu ndiyo, ni asali. Ungemjibu nini?

Nirudi nyuma kidogo. Mjomba alikuwa mkulima upande wa Makere, ukishaiacha Kasulu mjini kama unaelekea Kibondo. Maharage, mahindi, mihogo, na mizinga michache ya nyuki. Mwaka 2021 akaanza kukojoa damu. Haikuwa kila siku. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Zahanati wakasema ni UTI. (Tanzania hii nani hajawahi kuambiwa ana UTI?) Akameza dawa, damu ikakata, akashukuru Mungu. Ikarudi. Akapewa dawa za kichocho. Ikakata tena. Siwalaumu matabibu wale. Damu kwenye mkojo ina sababu nyingi, na kwa kijana wa zahanati mwenye hadubini moja na foleni ya watu sitini, anaanza na lile lililo la kawaida. Ndivyo walivyofundishwa, na mara nyingi wanapatia.

Mara ya nne mzee akaenda mjini kupigwa ultrasaundi. Figo ya kushoto ina uvimbe. Barua ya rufaa ikaandikwa, ng'ombe mmoja akauzwa, na mwaka 2022 akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja kubwa nje ya mkoa. Figo ikatolewa salama. Daktari alifanya kazi nzuri, nalisema hilo kwa herufi kubwa. Kisha nesi akatoka na kopo, akawaambia ndugu: hiki kipelekeni maabara, sisi hapa hatuna.

Majibu yalichukua wiki saba. Yaliposomwa, nyumbani kulichinjwa mbuzi. Karatasi ilisema huu ni uvimbe wa mishipa ya damu, kitaalamu hemanjioma. Si saratani. Hakuna haja ya matibabu zaidi.

Nilimpigia simu kutoka Dar. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba. Nimepona bwana, ilikuwa mishipa tu!" Bado naisikia sauti yake.

Miezi kumi na moja baadaye nyonga ikaanza kumuuma. Watu wakasema ni baridi yabisi, uzee huo. Kisha kikaja kikohozi. Picha ya CT ikaonyesha vinundu kwenye mapafu na mfupa wa nyonga ulioliwa. Daktari wa safari hii, mama mmoja mpole ambaye sitamtaja, hakuuliza habari za kikohozi kwanza. Aliuliza: "Ile figo ilisomwa na nani, na nta zake ziko wapi?"

Hapo ndipo mimi, mwandishi wa habari mwenye shahada, nilipogundua kuwa sijui lolote kuhusu namna saratani inavyogunduliwa. Nilidhani ni mashine. Unaingizwa kwenye tundu, inasoma, inatoa jibu. Kumbe sivyo.

Kinachotokea ndani ya kopo

Hebu nieleze kama nilivyoelezwa, na kama nilivyokuja kujisomea.

Nyama ikitoka mwilini inaanza kuoza papo hapo. Ili isioze inatumbukizwa kwenye formalini, ile dawa yenye harufu kali inayochoma macho. Kanuni inasema formalini iwe kama mara kumi ya ujazo wa nyama. Na kama nyama ni kubwa, mfano figo nzima, ni lazima ipasuliwe kwanza kama unavyopasua embe, kwa sababu formalini hupenya polepole sana, kama milimita moja kwa saa, na kadiri inavyozidi kuingia ndani ndivyo mwendo unavyopungua. Figo isiyopasuliwa huiva nje na kuoza katikati.

Maabara hukata vipande vidogo, huviondoa maji, huvigandisha ndani ya nta, halafu huchana nta hiyo kwa mashine kuwa tabaka nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Tabaka linalazwa kwenye kioo, linapakwa rangi, na mtu anaketi mbele ya hadubini. Huyo mtu ndiye mtaalamu wa patholojia. Mgonjwa hamwoni kamwe, na hajui hata jina lake. Lakini neno "saratani" au "si saratani" linatoka kwake.

Sasa rudi kwenye kopo la mfuniko mwekundu. Figo yenye uvimbe iliingia kwa kusukumwa, haikupasuliwa, na formalini ilikuwa ya kulowesha tu. Ilipofika, sehemu kubwa ya katikati ilikuwa haifai tena. Mtaalamu akaweza kupata vipande viwili tu vya maana, vya pembeni. Akaviweka chini ya hadubini na akaona mishipa midogo ya damu, mingi, imesongamana, iko shwari. Akaandika alichokiona. Hakusema uongo. Alipewa ukurasa mmoja wa kitabu akaambiwa aeleze hadithi nzima.

Kwa nini saratani ifanane na mishipa?

Hapa ndipo jambo linapovutia, na naomba usiruke aya hizi.

Saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, kama robo tatu ya zote, inaitwa saratani ya seli angavu. Seli zake zimejaa mafuta na sukari. Maabara inapoandaa kipande, mafuta na sukari hiyo huyeyuka, na seli hubaki kama chumba kitupu chenye kuta. Ndiyo maana zikaitwa angavu.

Katika nyingi ya saratani hizo kuna jeni moja iliyoharibika, inaitwa VHL, iliyotambuliwa mwaka 1993. Kazi yake ya kawaida ni kusaidia seli ijue kama ina oksijeni ya kutosha. Ikiharibika, seli hujiona iko kwenye njaa ya hewa hata kama imezungukwa na hewa tele. Inapiga mayowe, na mwili ukisikia mayowe hayo unajenga mishipa mipya ya damu kuielekea. Namna seli zinavyohisi oksijeni ndiyo kazi iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019.

Matokeo yake ni kwamba saratani hii ina mishipa mingi mno. Kwa kawaida seli angavu ndizo nyingi na mishipa inapita katikati yake kama vichochoro. Lakini mara chache, katika uvimbe mzima au katika kona fulani, mizani inageuka. Mishipa inakuwa mingi kiasi kwamba seli za saratani zinabaki chache, zimejificha katikati, tatu hapa, nne pale. Ukitazama haraka unaona mishipa tu. Unaandika hemanjioma. Na hemanjioma ya kweli ya figo ipo, haina ubaya wowote, ikiondolewa habari imekwisha.

Kosa linaweza kwenda upande wa pili vilevile. Mwaka 2009 Elizabeth Montgomery na Jonathan Epstein wa Johns Hopkins, Marekani, walieleza aina ya hemanjioma ambayo mishipa yake imeunganaunganana kama wavu, na inapatikana pia kwenye figo. Inafanana sana na anjiosakoma, saratani kali ya mishipa ya damu. Mtu mwenye uvimbe huo usio na madhara anaweza kuambiwa ajiandae kufa! Fikiria kuuza shamba kwa ajili ya ugonjwa ambao huna.

Na kuna anjiomaiolipoma, uvimbe wa figo wenye mishipa, misuli na mafuta. Kwa kawaida si saratani, na huu CT huutambua mara nyingi kwa sababu ya yale mafuta. Lakini yakiwa machache, picha inasita, na tunarudi kulekule kwenye kipande.

Je, unatofautishaje? Kwanza, kwa kuchukua vipande vingi kutoka sehemu mbalimbali za uvimbe. Pili, kwa rangi maalumu zinazoshika protini fulani tu. Zipo zinazong'ang'ania kuta za mishipa ya damu, zinaitwa CD31, CD34 na ERG. Zipo zinazong'ang'ania seli za saratani ya figo, kama PAX8 na CAIX. Ukipaka zote, mishipa inajitokeza kwa rangi yake na zile seli tatu zilizojificha zinajitokeza kwa rangi yake. Mchezo umekwisha.

Ndicho alichofanya yule mama daktari. Kopo lilishatupwa zamani, maana maabara haiwezi kutunza nyama milele. Lakini zile nta mbili zilikuwepo. Zikaombwa, zikachanwa upya kwa kina zaidi, zikapakwa rangi. Katikati ya mishipa, seli angavu. Zilikuwepo siku zote, hata siku ile tulipokuwa tunachinja mbuzi.

Mganga gani ni mchawi?

Najua baadhi yenu mmeshaanza kutafuta wa kulaumiwa. Taja hospitali! Taja maabara! Sitaji. Siogopi. Nimeizungusha hadithi hii kichwani kwa miezi na sikumpata mtu mmoja mbaya ndani yake. Nesi alitoa kopo alilokuwa nalo. Binamu yangu hakulala usiku kucha akilinda kopo lile. Mtaalamu wa patholojia alisoma alicholetewa, akiwa na rundo la vioo linalomsubiri, bila zile rangi maalumu ambazo ni ghali na hazipo kila mahali. Kila mtu alifanya kipande chake. Kilichokosekana ni kamba ya kuviunganisha vipande hivyo.

Wataalamu hawa ni wachache kupita kiasi. Tafiti za patholojia Afrika kusini mwa Sahara zimekuwa zikisema kwa miaka kwamba, ukilinganisha na idadi ya watu, tunao kama sehemu moja ya kumi ya wale walio katika nchi tajiri, au chini ya hapo. Na wachache tulionao wako Muhimbili, Bugando, KCMC na miji mingine mikubwa. Mkoa wa Kigoma kwa sensa ya 2022 una watu karibu milioni 2.5. Hao wote, pamoja na wakimbizi wa Nyarugusu, wanategemea macho yaliyo mbali.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wakubwa. Miaka ya karibuni serikali imesambaza mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo jema, na mimi mwenyewe nimeliandika gazetini kwa furaha. Tunapenda mashine. Mashine inakatiwa utepe, inapigwa picha, inaingia kwenye hotuba. Lakini CT inaona umbo. Inakwambia kuna uvimbe, uko wapi, una ukubwa gani, unanyonya damu kwa kasi gani. Uvimbe wa mishipa unanyonya damu kwa kasi. Saratani ya seli angavu nayo inanyonya damu kwa kasi. Kwenye picha hawa wanaweza kufanana kama mapacha. Kadiri tunavyoongeza mashine za picha ndivyo tutakavyogundua vivimbe vingi zaidi, na ndivyo tutakavyohitaji zaidi mtu wa kuvisoma. Tumenunua macho ya kuona mlango, hatujanunua ufunguo.

Nani alishaona formalini ikikatiwa utepe?

Kipande kilichotoka Kampala

Mtasema, mwandishi, sisi ni maskini, Kibondo ni mbali. Ngoja niwape kisa.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt pale Mulago, Kampala, aliona mtoto mwenye vivimbe vya taya vya ajabu. Baadaye akaona wengine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kama maili 10,000 kusini na mashariki mwa Afrika, wakipita hospitali moja hadi nyingine kuuliza: mnawaona watoto wa namna hii? Wakapita Tanganyika pia. Na ugonjwa ukatambuliwa kuwa ni saratani ya aina moja, iitwayo leo limfoma ya Burkitt, kwa sababu Kampala kulikuwa na wataalamu wa patholojia wanaosoma vipande hivyo na kuvitunza.

Vipande hivyo vikawa vinapandishwa ndege kwenda London kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ndege moja ilikuta ukungu Heathrow ikaelekezwa Manchester. Kipande kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa machafu, wangeweza kukimwaga. Hawakukimwaga. Wakakuta seli hai zinaelea, na mwaka 1964 wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, virusi vya Epstein-Barr.

Kipande cha nyama ya mtoto wa Uganda kilifika London mwaka 1963, kwa ndege za wakati ule, na ukungu juu yake. Halafu leo niambiwe kipande cha nyama hakiwezi kutoka Kibondo kufika Mwanza isipokuwa kwa mapaja ya binamu yangu?

Au tusiende mbali kiasi hicho. Butaro iko milimani kaskazini mwa Rwanda, kijijini hasa. Ukitazama ramani, iko karibu na Kibondo kuliko Dar ilivyo. Mwaka 2012 walifungua kituo cha saratani pale. Hawakusubiri mpaka wapate wataalamu wote. Walianza kwa kutayarisha vipande na kuvituma Boston, Marekani, visomwe huko, baadaye wakaanza kutuma picha za vioo kwa mtandao. Lilongwe, Malawi, maabara iliyofunguliwa mwaka 2011 imekuwa na kikao cha kila wiki ambapo wataalamu wa hapo na wa Marekani wanatazama vioo vilevile kwa pamoja kupitia kompyuta. Figo inayotatiza inatazamwa na macho sita badala ya mawili. Sisi ambao tunatumiana video za vichekesho toka Kakonko hadi Toronto tunashindwaje kutuma picha ya kioo?

Hoja yangu

Sasa basi, hoja yenyewe ni fupi. Kwetu mfumo wa rufaa unamsafirisha mgonjwa kwanza, na kipande chake kinafuata kama mzigo usio na mwenyewe. Mimi nasema tugeuze. Kitangulie kipande, mgonjwa atafuata akijua anafuata nini.

Na tusianze na sifuri. Makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu yanasafirishwa tayari kutoka vituo vidogo hadi maabara kubwa. Damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI inasafirishwa tayari. Kuna masanduku, kuna fomu, kuna pikipiki, kuna namba za kufuatilia, majibu yanarudi. Ongeza kopo moja la formalini kwenye sanduku hilo. Halihitaji hata barafu! Kipande kilichowekwa vizuri kwenye formalini kinavumilia joto la njiani kuliko damu.

Na njia ipo. Lami imesogea kwenye barabara yetu, ile iliyokuwa ikitumeza mabasi masika. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya Ziwa Viktoria, na foleni ya kivuko imekuwa historia. Kutoka Kibondo kupitia Nyakanazi na Geita unaingia Mwanza bila kusubiri pantoni. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ndiyo hiyo.

Ningekuwa na sauti pale wizarani ningeomba mambo matatu tu.

Moja, kila hospitali ya wilaya inayofanya upasuaji, Kasulu, Kibondo, na zile za misheni kama Kabanga, iwe na makopo ya saizi zote na formalini ya kutosha, na mtu mmoja aliyefundishwa namna ya kupasua kiungo kikubwa kabla ya kukitumbukiza. Mafunzo hayo hayahitaji kwenda Ulaya. Ni ya siku chache.

Mbili, kipande kiwe mali ya hospitali mpaka jibu litoke. Ndugu wasikibebe. Gharama ya kukisoma iingie ndani ya gharama ya upasuaji, na Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, iitambue kuwa sehemu ya upasuaji, sawa na uzi wa kushonea. Upasuaji wa uvimbe bila kusoma uvimbe ni kazi nusu.

Tatu, jibu lolote lisiloendana na mgonjwa lisomwe mara ya pili. Mzee wa miaka hamsini na sita mwenye uvimbe mkubwa wa figo na damu kwenye mkojo, halafu jibu linasema hemanjioma, ambayo ni nadra? Inawezekana. Lakini inatosha kumfanya mtu ainue simu. Rangi zile ghali ziwekwe sehemu chache, Bugando na Muhimbili, na nta zenye utata zipelekwe huko.

Kuna rafiki yangu, msomi wa uchumi, nilimweleza haya tukinywa kahawa akacheka. Akasema wewe unataka taifa lijipange kwa ajili ya ugonjwa unaompata mtu mmoja mmoja, wakati wanawake wanakufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Ni hoja nzito na sitaki kuipita kwa kejeli.

Jibu langu ni hili. Kopo halijui ni ugonjwa gani. Kopo lilelile, formalini ileile, pikipiki ileile, ndiyo itakayobeba kipande cha titi, cha mlango wa kizazi, cha umio ambao saratani yake inasumbua sana ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, na cha tezi ya mtoto mwenye limfoma. Itabeba pia kipande cha ngozi kinachoshukiwa kuwa Kaposi, saratani nyingine ya mishipa inayoweza kujifanya alama ya kawaida tu, ambayo tangu Chang na Moore walipoona virusi vyake mwaka 1994 inaweza kuthibitishwa kwa rangi moja maalumu. Huo ugonjwa tunaufahamu sana, tumezika nao wengi miaka ya UKIMWI. Ugonjwa wa mjomba ulikuwa nadra. Kopo bovu si nadra hata kidogo.

Magonjwa nadra yanatusaidia kuona mahali ambapo paa linavuja. Mvua ndogo huenda usiione.

Na wewe msomaji?

Wengi mnaosoma hapa mko Dar, Nairobi, Mwanza, wengine ughaibuni. Nyinyi ndio mnaopigiwa simu: tuma hela, baba anafanyiwa upasuaji. Mnatuma. Safari ijayo ukituma hela, uliza maswali haya. Kilichotolewa kimepelekwa maabara gani? Kimewekwa kwenye formalini? Namba yake ni ipi? Majibu yanatoka lini, na nani atayasoma pamoja na daktari? Jibu likitoka piga picha karatasi hiyo uitunze. Na ujue kuwa nta za mgonjwa wako zinaweza kuombwa na kusomwa tena mahali pengine. Si utovu wa adabu kwa daktari. Madaktari wenyewe wakiugua ndivyo wanavyofanya.

Na kama kuna mtu kwenu anakojoa damu ambayo inakuja na kuondoka, hata kama haiumi, hata kama ilikata baada ya dawa, aende akapigwe ultrasaundi. Asisubiri ya nne.

Mjomba alifariki mwaka 2024. Alizikwa Makere, kwenye shamba lake, mvua ikinyesha. Sisemi kwamba jibu sahihi lingemponya. Huenda ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye figo kabla ya kisu. Lakini angefuatiliwa. Vinundu vya mapafu vingeonekana vikiwa vidogo, madaktari wangekuwa na la kujaribu, na yeye angepata mwaka wa kujua na kupanga mambo yake badala ya mwaka wa kudanganywa na karatasi. Nilipomweleza, wiki za mwisho, kwamba majibu ya kwanza hayakuwa sahihi, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Kwa hiyo mjomba, mbuzi yule tulimchinja bure?" Akacheka. Mimi sikuweza.

Ni hayo kwa leo, wadau. Ukipanda basi la Kasulu ukamkuta kijana amepakata kopo lenye mfuniko mwekundu na hasinzii, usimuulize habari za asali. Mpishe nafasi akae vizuri.